Viungo Vinauma, Dawa Hazijuani

Jeppestown ni mtaa wa watu wanaokula kwa nguvu za mikono yao. Uko mashariki ya katikati ya Johannesburg, ubavuni mwa reli, na tangu zama za mwanzo za dhahabu mwishoni mwa karne ya 19 umejaa karakana, viwanda vidogo na mabweni ya wanaume waliotoka mbali kutafuta kazi. Ukipita Main Street au Jules Street leo utawakuta wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa magari waliolala kwenye saruji chini ya injini, wanawake wanaosuka nywele toka asubuhi mpaka jioni, na vijana wanaovuta mikokoteni ya chupa na makaratasi kwenda kuuza kwa kilo. Miongoni mwao wapo wasemaji wa Kiswahili: Watanzania, Wakenya, Warundi, na Wakongo wa Bukavu, Goma na Lubumbashi. Wengi walifika wakiwa vijana wa miaka 20 na kitu. Sasa wamegonga 45, 50, 60, na viungo vimeanza kudai.

Mgonjwa wa viungo katika mtaa huu hupata dawa kutoka mikono mingi: sista wa kliniki, daktari wa kulipia, duka la mtaani, mganga, na jamaa aliyetuma furushi kutoka nyumbani. Kila mkono unakijua kipande chake tu. Madhara mabaya zaidi ya dawa za viungo huzaliwa pale dawa hizo zinapokutana ndani ya mwili mmoja bila mtu yeyote kuzipanga. Anayeweza kuzitaja zote mbele ya daktari ni mgonjwa mwenyewe, na katika mji huu yapo mambo mengi yanayomfumba kinywa. Naamini kufumbwa huko ndiko kunakoua figo na kutoboa matumbo, kuliko ubaya wa dawa yoyote moja.

Tuanze na ugonjwa, kwa kuwa dawa hufuata jina lake. Osteoathraitisi ni kulika kwa gegedu, tabaka laini linalokinga ncha za mifupa zisisagane. Hupenda magoti, nyonga na vidole. Huuma zaidi kazi ikizidi, hutulia mtu akipumzika, na ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao. Rumatoidi athraitisi, ambayo wengi wetu tunaiita baridi yabisi, ni ugonjwa wa namna nyingine kabisa: kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Waliokuwa nayo mwaka huohuo ni milioni 18, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake. Mara nyingi huanza na viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mikono hukaza kwa saa nzima au zaidi hata mtu ashindwe kufunga vifungo vya shati. La tatu ni jongo. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu huganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo, hasa kwenye kidole gumba cha mguu, na maumivu huja ghafla usiku, ya moto, hata shuka likigusa mtu hupiga kelele.

Kuyachanganya magonjwa haya kuna gharama. Osteoathraitisi inaweza kusubiri miezi ya foleni bila hasara kubwa. Rumatoidi haisubiri, kwa sababu mfupa ulioliwa haurudi, na miezi ya mwanzo ndiyo ambayo dawa huweza kuuzuia ugonjwa usiharibu. Msusi ambaye vidole vyake vimevimba kwa wiki sita, naye akaambiwa na kila mtu kuwa ni uchovu wa kazi, anapoteza muda ambao hakuna daktari atakayeweza kumrudishia.

Hata madaktari waliwahi kulikosea jambo hili. Kwa muda mrefu vitabu vyao vilishikilia kuwa rumatoidi ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1975 mtafiti Solomon na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao Soweto na kuonyesha kuwa ugonjwa ulikuwepo mjini kwa kiwango kinachokaribia kile cha Ulaya, ilhali uchunguzi wa wakati huohuo katika kijiji cha Watswana uliukuta kwa uchache sana. Nini hasa mji unafanya, bado kunabishaniwa. Sigara ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari. Na kusini mwa Afrika kuna ugonjwa wa viungo ambao haujulikani chanzo chake mpaka leo: ule wa Mseleni, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ulioripotiwa na Wittmann na Fellingham katika jarida la Lancet mwaka 1970, unaowalemaza nyonga watu wa eneo moja, wanawake zaidi. Mabweni ya Jeppestown yamejaa wanaume wa jimbo hilo. Kila mtu hufika kliniki na historia ya alikotoka, na daktari asiyeuliza alikotoka mgonjwa hukosa nusu ya habari.

Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tunapopaswa kusema bila kusubiri kuulizwa. Tabibu wa Johannesburg anakijua kifua kikuu na VVU kuliko wenzake wengi duniani. Lakini seli mundu ni adimu kwa wenyeji wa Afrika Kusini, na kijana wa Kikongo mwenye maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka tangu utotoni, ambaye sasa nyonga moja inamwuma kila hatua, anaweza kutibiwa kama mtu aliyeumia kazini. Seli mundu hukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja mpaka kikafa. Sentensi moja, kwamba kwao kuna ndugu mwenye seli mundu, hubadilisha vipimo vyote. Vivyo hivyo chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde huko Tanganyika, na iliyoipiga Lamu na Mombasa mwaka 2004 kabla ya kuvuka kwenda Komoro. Homa yake hupita kwa siku chache, ila maumivu ya viungo huweza kumkaa mtu miezi, wengine miaka. Na aliyekulia kwenye ufugaji, akinywa maziwa mabichi, ataje hilo pia, maana brusela huingia kwenye viungo na uti wa mgongo, nayo hutibiwa kwa viuavijasumu.

Baridi nayo nisiipite. Johannesburg iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai hukata mifupa ya mtu aliyezaliwa Tanga. Wengi wanaamini ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, ambao wagonjwa wapatao 2,600 waliandika maumivu yao kila siku, uliona kuwa siku za unyevu mwingi, upepo na kanieneo ndogo ya hewa maumivu huongezeka kwa kiasi. Kwa hiyo anayesema hali ya hewa inamtesa haoti. Lakini kuongeza maumivu na kuzaa ugonjwa ni mambo mawili, na anayengoja kiangazi kimponye huku vidole vinapinda anaudhuru mkono wake.

Sasa dawa. Chukulia mama wa miaka 52 mwenye kibanda cha nguo karibu na stesheni ya Jeppe. Ana shinikizo la damu, na kliniki imempa enalaprili pamoja na haidroklorothayazidi, ile ya kukojoza maji. Ni dawa nzuri, za bure, zinazotolewa kwa maelfu ya watu nchini. Magoti yanamsumbua. Jirani anamwambia anunue Voltaren, yaani diklofenaki. Siku nyingine anameza Brufen iliyobaki ya mwanawe. Kichwa kikimuuma ananunua pakiti ya unga wa Grand-Pa kwenye spaza, yaani duka dogo la mtaani. Ndani ya unga huo mna aspirini, parasetamoli na kafeini. Mama huyu hajafanya ujinga wowote. Amefanya wanavyofanya wote mtaani. Lakini Voltaren, Brufen na aspirini ni ukoo mmoja, na kila moja inabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, wakati enalaprili inalegeza upande wa pili wa chujio na ya kukojoza inapunguza maji. Zikikutana tatu hizi, figo hukosa msukumo. Akipata kuhara siku mbili tu, au akikaa juani bila kunywa maji, figo zinaweza kusimama. Na kabla ya kufika huko, dawa za ukoo huo hupandisha lile shinikizo la damu ambalo kliniki inahangaika kulishusha, kwa hiyo mwezi ujao sista anaongeza kipimo cha enalaprili bila kujua kinacholipandisha.

Tumbo nalo huumia kimya. Kidonda kinachotokana na dawa hizi mara nyingi hakiumi, kwa sababu dawa yenyewe inaficha maumivu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa choo cheusi, kinatacho kama lami, au kizunguzungu mtu akisimama. Huyo haendi kliniki kupanga foleni ya kesho. Anakwenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa mfungaji wa Ramadhani, kumeza vidonge hivi tumbo likiwa tupu kabla ya futari ni kukitafuta kidonda. Vifuate chakula, na daktari aambiwe mapema kuwa mwezi unakuja ili abadilishe ratiba.

Aliye na VVU ana hatari yake. Tangu 2019 tiba ya kwanza nchini Afrika Kusini ni kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri yenyewe huweza kugusa figo, na maelekezo yake yanaonya isichanganywe ovyo na dawa za ukoo wa diklofenaki. Hapa fedheha inaingia kati. Mtu anamwendea daktari wa kulipia kuhusu goti lake, na hataki kutaja kidonge hicho. Daktari, kwa nia njema kabisa, anamchoma diklofenaki na kumwandikia nyingine ya siku kumi. Ningependa kila chumba cha daktari kiwe na mlango unaofungika na swali linaloulizwa kwa kila mgonjwa bila kubagua, ili anayejibu asijione ameteuliwa.

Jongo lina mtego wake pia. Ile haidroklorothayazidi ya shinikizo la damu hupandisha asidi ya yuriki, na pirazinamidi ya kifua kikuu nayo hufanya hivyo. Mtu anaweza kuambiwa aache nyama choma na bia, akaacha, na bado kidole kikawaka, kwa kuwa chanzo kimojawapo kinatoka kliniki kila mwezi. Haitakiwi aiache dawa mwenyewe. Inatakiwa aulize kama ipo nyingine, na mara nyingi ipo.

Dawa kuu ya rumatoidi duniani kote ni methotreksati. Ni ya zamani, ya bei nafuu, na imewarudisha kazini watu wasiohesabika. Humezwa mara moja kwa wiki. Hilo naliandika peke yake kwa sababu kuimeza kila siku kumeua watu katika nchi nyingi: uboho huacha kutengeneza damu, kinywa hujaa vidonda, maambukizi huingia. Tumezoea dawa za kila siku, za kutwa mara mbili, kutwa mara tatu. Mazoea hayo ndiyo adui hapa. Mgonjwa na achague siku, tuseme Jumatano, aiandike kwa Kiswahili kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Asidi ya foliki anayopewa pamoja nayo ni ya kumpunguzia vidonda vya mdomo na kichefuchefu, kwa hiyo asiidharau kwa kuiona ni vitamini tu. Pombe iwekwe mbali, maana ini linabeba mzigo. Damu ipimwe kila daktari anapoagiza, hata kama mtu anajisikia mzima.

Na Septrini. Hakuna dawa inayojulikana zaidi kwetu. Imetibu kikohozi, kuhara na mkojo mchafu katika kila nyumba toka Kigoma hadi Kisumu, na wenye VVU wengi wamepewa kama kinga. Ikikutana na methotreksati inaweza kuuangusha uboho kwa siku chache. Mgonjwa wa viungo anayeugua mafua anakwenda kwa daktari mwingine, au anafungua furushi lililokuja na basi kutoka Dar es Salaam, anameza Septrini kama alivyofanya tangu utoto. Hakuna mkono hata mmoja kati ya iliyompa dawa uliokosea. Aliyejua zote mbili ni yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hazikai pamoja.

Klorokwini inaleta kisa cha namna nyingine. Wenye umri wanaikumbuka ilivyowawasha mwili mzima enzi za kutibia malaria, kabla Kenya haijaiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Hospitali za Afrika Kusini huitumia kutuliza rumatoidi. Mzee wa Kitanzania anayepewa klorokwini Johannesburg anaweza kudhani daktari amekosea, kwamba amemwona mtu aliyetoka nchi za kaskazini akamdhania malaria, na kuitupa. Maelezo ya nusu dakika yangetosha: dawa ileile, kazi nyingine, na hatari yake kubwa kwa anayeitumia miaka mingi ni jicho, kwa hiyo apelekwe kupimwa retina.

Kuna siku moja ya mwaka 1948 inayoeleza mengi ya yanayotokea mitaani kwetu. Mwezi Septemba, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench alimchoma mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi kutembea kwa rumatoidi, dawa iliyokuja kuitwa kotisoni. Siku chache baadaye mwanamke yule alitembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisha madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kuwa myepesi, maambukizi. Prednisoni ya leo ni mtoto wa dawa hiyo. Kwa kipimo kidogo na kwa muda uliopangwa inasaidia sana. Kwa miezi isiyo na mpango inajenga ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Na aliyeitumia zaidi ya wiki tatu hivi haiachi ghafla. Mwili umesahau kutengeneza homoni yake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha.

Nimeeleza hayo kwa sababu ya unga na mafuta yanayouzwa kwa siri. Kandokando ya Jeppestown lipo soko la Kwa Mai Mai, la waganga na wauza dawa za asili, mojawapo ya masoko ya zamani kabisa ya aina yake mjini. Siwadharau waganga hao, na daktari anayewadharau hatapata ukweli kutoka kwa mgonjwa wake. Mmea wa Kalahari uitwao Harpagophytum, unaochimbwa Namibia, Botswana na Afrika Kusini, unasafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya maumivu ya viungo. Hata huo unaweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo nao unatajwa. Kuchua goti kwa mafuta ya karafuu kwa kawaida hakumdhuru mtu. Lakini kifurushi kisicho na jina, kinachoondoa uvimbe wa miaka kwa siku tatu, kinanitia hofu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama lishe ya viungo: ndani yake mlikutwa deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa. Deksamethasoni ni ukoo wa prednisoni, yenye nguvu zaidi. Anayepona kwa siku tatu na kuanza kunenepa uso apeleke kile kifurushi chenyewe hospitali, asikifiche.

Wakubwa nao hukosea. Vioxx, dawa ya viungo iliyouzwa na Merck duniani kote, iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004 baada ya kuthibitika kuwa inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Malalamiko ya wagonjwa ni sehemu ya elimu ya dawa. Afrika Kusini mamlaka ya dawa, SAHPRA, hupokea taarifa za madhara hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na ni wachache mno Jeppestown wanaojua hilo.

Basi kwa nini watu hawasemi? Sababu ya kwanza iko getini. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawapa wakimbizi huduma za msingi sawa na wenyeji. Lakini Septemba 2019, katika vurugu dhidi ya wageni, maduka yalichomwa Jeppestown. Agosti 2022 ilisambaa video ya Phophi Ramathuba, wakati huo msimamizi wa afya wa jimbo la Limpopo, akimsema mgonjwa wa Zimbabwe aliyelala kitandani hospitalini Bela-Bela. Kisha kundi la Operation Dudula, linalopinga wageni, likaanza kusimama kwenye mageti ya kliniki za Johannesburg kudai vitambulisho, mpaka Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipolikataza Novemba 2025. Mtu aliyepita katikati ya hayo ili afike dirishani anataka dawa yake atoke haraka. Hataanza kueleza habari ya furushi la kutoka Dar.

Ya pili ni lugha, nayo ina sheria ambayo ningependa ibandikwe ukutani. Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003, kifungu cha 6, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Na pale inapowezekana, amweleze kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kiswahili hakimo katika lugha 12 rasmi za nchi. Sista anaweza kuongea Kizulu, Kisotho na Kiingereza katika dakika moja, na mama wa Bukavu akabaki na Kifaransa ambacho hakuna anayekijua. Hapo mtoto wa miaka 12 anatolewa shule kuwa mkalimani. Mtoto huyo anaweza kutafsiri goti. Hawezi kumtafsiria mama yake swali la kama ana mpango wa kushika mimba, na methotreksati huharibu mimba, lazima swali hilo liulizwe na lijibiwe wazi. Ni bora mwanamke mzima wa kanisani au msikitini anayekubaliana na mgonjwa mapema kuwa ya chumbani yanabaki chumbani. Hospitali kubwa kama Charlotte Maxeke huko Parktown, na Chris Hani Baragwanath huko Soweto, zenye kliniki za viungo, zingeweza kuweka orodha ya wafanyakazi wao wanaojua Kiswahili. Wapo.

Ya tatu ni adabu yetu. Tumelelewa kujibu salamu kwa heri. Daktari anauliza habari, tunasema nzuri, hata kama tumepanda ngazi za jengo lisilo na lifti kwa kushikilia ukuta. Naye anaandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri. Akieleza jambo tusilolielewa, tunaitikia "ndiyo daktari" kwa kumheshimu. Akiuliza maumivu ni namba ngapi kati ya 0 na 10, tunataja tano ili tusionekane waoga. Afadhali mgonjwa aseme kazi iliyomshinda: siwezi kushika mwiko wa ugali, siwezi kukamua nguo, nasuka kichwa kimoja siku ambayo zamani nilisuka vitatu. Aseme mikono inakaza mpaka saa ngapi asubuhi, na viungo vingapi vimevimba. Picha ya mkono uliovimba, iliyopigwa kwa simu alfajiri, inamfikia daktari anayemwona mchana uvimbe ukiwa umeshuka.

Na ndani ya mfuko wa plastiki aweke kila anachomeza, kunywa na kujipaka: vidonge vya kliniki, unga wa spaza, chupa ya Mai Mai, dawa ya nyumbani. Aumimine mezani. Kwa mgonjwa asiyejua Kiingereza hiyo ndiyo hotuba fasaha kuliko zote, na sista aliyechoka huiona mara moja ile Voltaren iliyolala karibu na enalaprili. Kisha aulize matatu kabla ya kutoka: hii naimeza siku gani, nikiona nini nirudi haraka, na kipi kati ya hivi nikiache. Arudie majibu kwa maneno yake mwenyewe mbele ya daktari, ili kama kuna kosa lisahihishwe palepale.

Mzigo huu hauwezi kuwa wa mgonjwa peke yake. Anayepanga foleni alfajiri amepoteza mapato ya siku, na daktari anayemwona ana wengine wengi nyuma ya mlango. Swali moja tu likiongezwa kwenye faili, "nini kingine unatumia, cha dukani, cha mganga au cha nyumbani?", likiulizwa bila ukali, lingeokoa zaidi ya dawa yoyote mpya. Hospitali kubwa kama Charlotte Maxeke na Baragwanath zina wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa kutengeneza vishikizo vya mkono vinavyomwezesha msusi au fundi kuendelea na kazi. Watu hawaelekezwi huko kwa kuwa hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani.

Linabaki suala la safari. Desemba mabasi ya kwenda kaskazini hujaa, na anayekwenda Mbeya au Lubumbashi kwa miezi miwili hana budi kuomba mapema dawa za kumtosha na barua yenye majina halisi ya dawa, maana majina ya kibiashara hubadilika kila mpaka. Barua itaje siku ya methotreksati, kipimo cha prednisoni na jinsi ya kuipunguza, na tarehe ya mwisho damu ilipopimwa. Daktari wa Muhimbili au wa hospitali ya wilaya ataendelea kutoka hapo.